Kwa nini kiwanda cha chapa ni kigumu kurithi kuliko kihamba

Nikiwa mtoto Moshi mjini, mama alikuwa na duka dogo la vifaa vya shule, na kila baada ya miezi michache alinituma kwa mzee mmoja wa chapa nikachukue vitabu vya risiti. Kazi yenyewe ilikuwa ya dakika tano. Mimi nilikaa saa nzima kwa sababu ya mashine. Ilikuwa Heidelberg nyeusi ya kizamani, yenye mikono miwili ya chuma inayozunguka kama pangaboi. Hewa inafyonza karatasi kutoka kwenye rundo, mkono mmoja unaikamata, unaizungusha na kuiingiza kati ya taya mbili. Taya zinafunga, zinafunguka, karatasi inatoka na maandishi, na mkono wa pili umekwisha kubeba nyingine. Mzee alisimama kando na tambara lenye mafuta ya taa. Hakuitazama mashine, aliisikiliza. Mlio ukibadilika kidogo tu, mkono wake ulikuwa umeshafika kwenye wenzo.

Mzee yule alifariki miaka mingi iliyopita. Baada ya msiba watoto wake, ambao nimekua nao, walikaa kugawana mali wakakwama, na nimekuja kuona kwamba familia nyingi za wapiga chapa hukwama mahali hapo hapo. Kwa nje ulionekana ugomvi wa ndugu. Kwa ndani kulikuwa na ufundi uliobadilika, historia ya nchi na sheria, vyote vimesukwa pamoja kama ukili, na ukitaka kuuelewa lazima uuchambue uzi mmoja mmoja.

Tuanze na kinachojulikana. Kwa Wachagga utaratibu wa kurithi kihamba, yaani shamba la ukoo la migomba na kahawa, hauhitaji wakili kuuelewa. Kwa mila, mtoto wa kiume wa mwisho hubaki na nyumba ya wazazi na migomba inayoizunguka, wa kwanza hupewa sehemu yake, na wa katikati mara nyingi huambiwa akatafute kwingine. Unaweza kuupinga utaratibu huo, na mabinti wana kila sababu ya kuupinga, lakini angalau kitu chenyewe kinagawika. Ukikikata kihamba katikati, kila upande bado unaota mgomba na kahawa. Ukiikata mashine ya chapa katikati, unapata chuma chakavu cha kuuza kwa kilo.

Na hata ikiachwa nzima, mashine ni sehemu ndogo ya urithi. Ndani ya miaka sabini hivi, kile ambacho baba mpiga chapa anamwachia mwanawe kimebadilika mara tatu.

Zamani alimwachia mikono. Reli ilifika Moshi mwaka 1912 na Arusha mwaka 1929, na nyuma ya reli zikaja biashara zinazohitaji karatasi. Mkoani Kilimanjaro mteja mkubwa kuliko wote alikuwa kahawa. Chama cha wakulima wazawa wa kahawa, KNPA, kilianzishwa mwaka 1925, na mwaka 1933 ikazaliwa KNCU, chama kikuu cha ushirika wa kahawa, yenye vyama vya msingi huko vijijini. Fikiria mkulima mmoja wa Kibosho au Marangu anapeleka kahawa yake kupimwa. Anahitaji stakabadhi, chama kinabaki na nakala, mzigo unaandikwa tena ukishuka mjini, malipo yanaandikwa. Zidisha kwa maelfu ya wakulima. Ongeza shule za misheni, makanisa, mahoteli, na magazeti kama Komkya, lililosomwa na Wachagga miaka ya 1950, enzi za Mangi Mkuu Thomas Marealle. Katika miji ya Tanganyika uchapaji ulikuwa zaidi mikononi mwa serikali, misheni na familia zenye asili ya Asia, na vijana wa hapa waliingia kama wasaidizi, wakajifunza, kisha baadhi wakafungua vya kwao.

Walichojifunza kilikuwa kigumu. Herufi zilikuwa vipande vya madini, mchanganyiko wa risasi, bati na antimoni, moja moja, kila moja imegeuzwa kama inavyoonekana kwenye kioo. Mpangaji alizitoa kwenye sanduku lenye vyumba vidogo vidogo bila kutazama, kama mama anavyochukua chumvi jikoni gizani, akazipanga mstari kwa mstari, akisoma kinyumenyume. Kazi ikiisha, kila herufi inasafishwa na kurudishwa chumbani kwake, maana kesho inahitajika kwa kazi nyingine. Kiswahili nacho kilileta taabu yake. Andika "anakaa karibu na kanisa" kisha hesabu: herufi ishirini, nane kati ya hizo ni a. Seti ya herufi iliyopangwa kwa mahesabu ya Kiingereza iliishiwa a mapema sana. Ufundi wa namna hiyo haufundishwi kwa kitabu. Mtoto aliupata kwa kukaa miguuni pa baba yake kila akitoka shule, mpaka vidole vikajua vyumba vyote. Kiwanda kilikuwa cha familia kwa sababu maarifa yenyewe yalikuwa ya familia.

Kisha ikaja miaka ambayo urithi mkubwa ulikuwa uwezo wa kupata vitu. Februari 1967, baada ya Azimio la Arusha, serikali ilitaifisha mabenki na makampuni makubwa ya uagizaji bidhaa. Mwaka 1971 majengo ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000 yalichukuliwa na serikali, na familia nyingi za Kiasia zilizoishi juu ya maduka yao ziliondoka nchini. Mwaka 1974 kompyuta zilipigwa marufuku kuingizwa nchini, jambo ambalo siku hizo mpiga chapa wa Moshi hakulihisi, ila liliamua kimyakimya kwamba atapanga herufi kwa mkono kwa miaka mingi zaidi kuliko wenzake wa nchi nyingine. Mwaka 1976 vyama vikuu vya ushirika vikavunjwa, mpaka sheria ya mwaka 1982 ilipovirudisha. Kiwanda kilichoishi kwa stakabadhi za kahawa kilimpoteza mteja wake bila kosa lake.

Lakini kwa mikoa yetu hii, naona pigo zito kuliko yote lilikuwa mpaka. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika mwaka 1977, mpaka na Kenya ukafungwa, na haukufunguliwa tena hadi Novemba 1983. Kutoka Moshi hadi Holili ni mwendo mfupi tu, na kutoka Arusha hadi Namanga vivyo hivyo. Upande wa pili kulikuwa na Nairobi, yenye rola, wino, vipuri na mafundi. Ghafla kuagiza kila kitu kukawa jambo la kupitia Dar es Salaam na kibali cha fedha za kigeni. Halafu ikaja vita ya Kagera, mafuta yakapanda, madukani hakuna sabuni, sembuse karatasi. Rola ya mpira ikichakaa wino haukai vizuri, na maandishi yanatoka na mabaka. Waliopona miaka ile walikuwa na mtu: binamu bandarini, rafiki kwenye shirika la umma, fundi wa kuchonga kipuri kwa kuiga kile kilichovunjika. Mashine za zamani ziliwafaa kwa sababu hiyo hiyo. Chuma cha Heidelberg ile ya mikono kinachongeka, na fundi mzuri wa karakana anaweza kukitengeneza.

Kuanzia mwaka 1984, serikali iliporuhusu watu kuagiza bidhaa kwa fedha zao wenyewe za kigeni, na zaidi chini ya Rais Mwinyi, milango ikafunguka, na urithi ukageuka mara ya tatu.

Hapa lazima nieleze mashine ya ofseti, maana ndiyo iliyovunja mlolongo wa baba na mwana. Kwenye chapa ya herufi za risasi, kilichoinuka ndicho kinachoshika wino. Kwenye ofseti hakuna kilichoinuka. Pleti ni bamba laini la alumini, na siri yake ni kwamba mafuta na maji havichanganyiki: sehemu yenye maandishi inapenda mafuta, hivyo inashika wino, na sehemu tupu inashika maji, hivyo inaukataa wino. Pleti haigusi karatasi. Inachapa kwanza kwenye blanketi la mpira lililozungushiwa silinda, na mpira ndio unaoipa karatasi picha. Njia hiyo ya kuchapa karatasi ilipatikana Marekani mwaka 1904 kwa bahati: Ira Rubel aliona kwamba karatasi ikikosa kuingia mashineni, silinda ya mpira ilichafuka wino, na karatasi iliyofuata ilichapwa vizuri zaidi kwa mgongo kuliko kwa uso. Mpira unajikunja kufuata mikwaruzo ya karatasi, ndiyo maana ofseti huchapa hata kwenye karatasi duni.

Rangi nazo ni nne tu: samawati, waridi iliyokolea, njano na nyeusi. Kila rangi ina pleti yake, na picha yoyote uionayo kwenye kalenda ni vidoti vya rangi hizo nne vimekaa jirani. Kiwanda chenye mashine ya rangi moja kinapitisha karatasi ile ile mara nne, na kila mara inabidi ikae pale pale. Msimu wa masika karatasi hunyonya unyevu na kutanuka kidogo, kidogo kiasi cha kutoonekana kwa jicho, lakini ukichapa njano leo na samawati kesho, uso wa bibi harusi unatoka na kivuli. Mpiga chapa anayekuambia "karatasi zipumzike kwanza" hakupotezei muda. Anaziacha zizoee hewa ya chumba.

Ofseti ikaleta kompyuta nyuma yake. Mtoto aliyerudi kutoka chuo na programu za kupanga kurasa alifanya kwa mchana mmoja kazi iliyomchukua baba wiki nzima, na bila kujua lolote kuhusu sanduku la herufi. Kwa mara ya kwanza mwana hakumhitaji baba ili ajue kazi. Nimezungumza na wazee watatu wa fani hii, wa hapa na wa Arusha, na wote, kila mmoja kwa maneno yake, waliniambia kilichowauma ni siku masanduku ya herufi yalipouzwa kwa mnunuzi wa risasi. Nawaelewa. Yalikuwa maktaba ya mikono yao.

Basi swali la urithi linakuja hivi: kama ufundi haurithiwi tena, na mashine mpya inaweza kununuliwa na yeyote mwenye mkopo, familia ina nini ambacho jirani hana?

Jibu la kwanza ni hesabu, na linawashangaza wateja. Ofseti ina gharama ya kuanza: pleti, kuosha mashine, karatasi zinazoharibika kabla rangi hazijakaa. Printa za leza na mashine nyingine za dijitali hazina gharama hiyo, ila kila nakala ni ghali. Tuseme kwa mfano tu kwamba kuanza kazi kwenye ofseti ni shilingi 60,000 na kila karatasi baada ya hapo ni shilingi 30, wakati leza ni shilingi 300 kwa karatasi. Kwa karatasi 100, ofseti ni shilingi 63,000 na leza ni 30,000. Kwa karatasi 1,000, ofseti ni 90,000 na leza ni 300,000. Zinakutana kwenye karatasi 222 hivi. Ndiyo maana mtu mwenye kadi 80 za kipaimara anahudumiwa na kijana mwenye leza na kompyuta kibandani, na shule yenye fomu 3,000 inakwenda kiwandani. Familia iliyokimbilia kununua mashine kubwa ya rangi nne mjini penye kazi nyingi ndogondogo imenunua deni. Arusha hali ilikuwa tofauti kidogo: mahakama ya Umoja wa Mataifa ya Rwanda ilikaa pale kuanzia 1995 hadi 2015, makao ya Jumuiya ya Afrika Mashariki mpya yako pale, na kampuni za utalii hutaka vipeperushi vya rangi kwa wingi. Moshi chapa inaishi kwa shule, makanisa, hospitali, lebo, na Desemba, wakati watu wanaporudi nyumbani na harusi zinapofuatana.

Jibu la pili ni lile nililolikosa nilipokuwa mtoto, ingawa lilikuwa mbele ya macho yangu. Ile Heidelberg nyeusi, aina iliyotengenezwa Ujerumani hadi mwaka 1985, haikutupwa ofseti ilipokuja. Ilibadilishiwa kazi. Kwenye ubao wake, mahali pa herufi, hufungwa kifaa kidogo chenye magurudumu sita ya tarakimu. Kila taya zikifunga, kinabonyezwa, na gurudumu la mwisho linasogea moja: 004501, 004502, 004503. Pembeni hufungwa wembe wa chuma wenye meno, unaotoboa vitundu ili risiti ichanike bila kukata kidole. Kwa kazi hiyo pleti ya ofseti peke yake haifai, maana inarudia kitu kile kile kila mzunguko. Mashine ya babu ilibaki kwa sababu inajua kuhesabu.

Na namba zinahitaji kumbukumbu. Mteja akirudi baada ya miezi minane anasema, "Shikamoo mzee, naomba vitabu kumi kama vya mwanzo." Haleti sampuli. Hajui kitabu cha mwisho kiliishia namba gani. Mpiga chapa anafungua daftari kubwa lenye jalada gumu, anapitisha kidole: shule fulani, risiti za nakala mbili, karatasi nyeupe na ya waridi, iliishia 6,500. Anaanza 6,501. Akikosea akarudia namba zilizokwisha kutumika, mhasibu wa shule ana risiti mbili zenye namba moja, na mkaguzi akifika hapo mtu anaweza kupoteza kazi. Kwa hiyo mteja harudi kwa sababu ya bei. Anarudi kwa sababu historia yake imeandikwa kwenye daftari la mtu mwingine.

Kazi ya risiti imepungua, hilo ni kweli. Mwaka 2010 Mamlaka ya Mapato, TRA, ilianza kuwataka wafanyabiashara waliosajiliwa VAT watumie mashine za kielektroniki za risiti, EFD, na kuanzia 2013 ikaongeza wafanyabiashara wa chini yao. Kadi za michango ya harusi nazo sasa zinatumwa kama picha kwenye simu, ingawa wazee bado wanataka ya kushika mkononi. Lakini vitabu vya sadaka, vya kuingiza mali stoo, fomu za hospitali na hati za kupokea mizigo bado vinahitaji namba zinazofuatana, na daftari bado lina kazi.

Sasa tuingie kwenye sheria, ambako familia ya mzee wangu ilikwama. Watu wengi husema "kampuni ya baba" wakimaanisha duka lenye jina ubaoni. Kisheria kuna tofauti kubwa. Jina la biashara lililosajiliwa BRELA, wakala wa serikali wa usajili wa biashara, halina uhai wake lenyewe: mashine, karatasi, akaunti na madeni ni vya mwenye jina. Akifa, vyote vinaingia kwenye mirathi. Benki ikipata taarifa inazuia akaunti hadi mahakama imteue msimamizi wa mirathi, na wakati huo karatasi hainunuliki, mishahara haitoki, mteja mwenye haraka anakwenda kwingine. Na sheria ya mirathi hapa kwetu haiko moja: kuna za kimila, kuna ya Kiislamu, na kuna ile ya India ya mwaka 1865 tuliyoachiwa na mkoloni. Familia moja yenye ndoa ya kanisani na kihamba kijijini inaweza kutumia miezi kubishana ni ipi inayoihusu.

Kampuni ni kitu kingine. Mashine ni mali ya kampuni, na kampuni haifi mzee anapofariki. Kinachoingia kwenye mirathi ni hisa zake. Hisa zinagawika kama kihamba kinavyogawika, hata kwa mabinti waliokwisha olewa, bila mtu kugusa nati moja ya mashine. Hapo ndipo mkwamo wa kurithi kiwanda unapofunguka. Lakini ni nusu tu ya dawa, kwa sababu ndugu wenye hisa sawa hawafanyi kazi sawa. Mmoja anaamka saa kumi na moja kufungua kiwanda, mwingine yuko Dar es Salaam na anauliza faida kila Desemba. Familia zilizofaulu nilizoziona zimetenganisha mifuko mitatu: mshahara kwa anayefanya kazi, gawio kwa mwenye hisa, na kodi ya pango kwa mwenye jengo. Mfuko mmoja ukilipia yote, anayefanya kazi anajiona mtumwa wa nduguze, na wa mbali anajiona anaibiwa. Kila mmoja ana hoja.

Mzee wangu alikuwa na jina la biashara tu. Msimamizi wa mirathi aliteuliwa, mali ikaorodheshwa: jengo, ofseti mbili, gilotini ya kukatia karatasi, kompyuta tatu, pikapu. Heidelberg nyeusi iliwekwa kwenye orodha kwa thamani ya chuma. Kaka mkubwa alichukua mashine, mdogo alichukua jengo, na dada yao aliyekaa mapokezi miaka kumi na saba alipewa fedha kidogo na shukrani nyingi. Hakulalamika mbele ya watu. Alikodi chumba kimoja jirani na soko, hana hata mashine moja, anapokea kazi na kwenda kuchapisha kwa wengine.

Mwaka ule ule mama alihitaji vitabu vya risiti. Alikwenda kiwandani, kaka akamkaribisha vizuri, akamuuliza vya mwisho viliishia namba ngapi. Mama hakujua. Akatoka, akamfuata dada sokoni. Dada alimwamkia, akamvutia kiti, akainama chini ya meza, akatoa daftari lenye jalada gumu.